Juma Moja Katika Nyumba ya Mawe

Tangu tuliporudi, ndugu wengi wametuuliza habari za safari yetu ya Ulaya, na kila tukimaliza kumjibu mmoja hutokea wa pili akataka tuanze tena tangu mwanzo. Kwa hiyo twaomba nafasi katika gazeti letu, ili wote wasome mara moja, nasi tupate kupumzisha koo. Hatutaeleza habari za eropleni wala za majumba ya London, maana hayo wamekwisha kuyaandika wengine, na picha zake mmeziona. Tutaeleza juma moja tu, tulilokaa katika nyumba ndogo ya mawe, huko shamba, katika nchi ya Welisi, mwisho wa mwezi wa Oktoba mwaka 2023.

Welisi ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, na wenyewe huiita Cymru. Watu wake ni kama milioni 3, na kondoo wao yapata milioni 9, hata mgeni apitaye vilimani hudhani kwamba kondoo ndio wenye nchi na watu ni watumishi wao. Tulialikwa na shule moja ya kusini, karibu na mji wa Cardiff, iliyo na urafiki na shule yetu ya Usambara. Tulikuwa wawili, sisi tuandikao na mwenzetu afundishaye hesabu. Tulikaa majuma mawili tukitazama madarasa. Kisha shule zikafungwa juma moja, kama ilivyo desturi yao katikati ya muhula, na mmoja wa walimu akatuambia kwamba shangazi yake anayo nyumba huko kaskazini, ambayo huwapangisha watu wa mapumziko, nayo juma lile haina mtu. Tukashukuru, tukafunga mizigo.

Tulipanda gari la moshi Cardiff, tukabadili Shrewsbury, ambao ni mji wa Uingereza, tukaingia Welisi mara ya pili kwa mlango mwingine. Baada ya mji wa Machynlleth reli hufuata mlango wa mto Dyfi, tena karibu sana na maji, hata mwenzetu alihamia upande wa pili wa behewa, akidai kwamba apenda zaidi kutazama milima. Tukashuka Tywyn, mji mdogo wa pwani, na mvua ilikuwa ikinyesha kwa ubavu.

Pale stesheni alikuwa akitungoja mwanamke mzee wa miaka sabini na zaidi, mfupi, amevaa viatu vya mpira vifikavyo magotini, na gari lake limejaa majani makavu na harufu ya mbwa. Akatuuliza, "Kwenu mwanamke wa umri wangu huitwaje?" Tukamwambia, "Huitwa Bibi." Akalijaribu neno lile mara mbili tatu mdomoni, likampendeza, akasema, "Basi na mimi niiteni hivyo." Tangu saa ile hatukumwita jina jingine.

Nyumba yenyewe iko katika bonde la mto Dysynni, si mbali na kijiji cha Abergynolwyn, chini ya mlima uitwao Cader Idris, ambao urefu wake ni mita 893. Wenyeji husimulia kwamba mtu akilala usiku mmoja juu ya mlima ule, asubuhi ataamka mshairi au mwenda wazimu. Mwenzetu akasema mwalimu hana haja ya kupanda, kwa kuwa mshahara wake peke yake watosha kumfikisha kwenye moja katika hayo mawili.

Kuta za nyumba ile ni za mawe, nene hata mtu akiweka kiwiko chake ukingoni mwa dirisha, vidole havifiki nje. Paa lake ni la mawe ya sleti, ndiyo yale yale ambayo babu zetu waliandikia shuleni kabla ya madaftari. Milima ile yote ina sleti. Huko juu ya Abergynolwyn palikuwa na machimbo yaitwayo Bryn Eglwys, na reli nyembamba ya Talyllyn ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuteremsha mawe hayo hata Tywyn. Machimbo yalibomoka mwezi wa Desemba mwaka 1946 yakafungwa, lakini reli haikufa: tangu mwaka 1951 watu huiendesha kwa kujitolea, nayo ndiyo reli ya kwanza duniani iliyookolewa kwa njia hiyo. Tuliipanda siku ya pili. Aliyetukatia tikiti alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, na mtia makaa alikuwa mwalimu mwenzetu aliyekuwa likizoni, uso wote masizi, na furaha yake haina kifani.

Ndani mlikuwa na chumba kimoja cha chini na viwili vya juu. Mihimili ya dari ni ya chini mno, na mwenzetu, ambaye Mungu amemjalia urefu, aliipiga kwa kichwa mara nne siku ya kwanza, na mara moja tu siku ya pili, akasema hiyo ndiyo faida ya elimu. Mezani tulikuta mkate mweusi wenye zabibu kavu ndani yake, uitwao bara brith, maana yake mkate wa madoadoa, na siagi, na birika. Vitandani mlikuwa na mablanketi ya sufu yaliyofumwa kwa nakshi, na katika kila kitanda chupa ya mpira ya kujaza maji ya moto, ambayo mtu huikumbatia kama mtoto mchanga. Tuliyacheka mambo hayo saa kumi jioni. Saa tatu usiku hatukuyacheka tena.

Sasa tueleze aibu yetu ya moto. Bibi alituonyesha jiko la chuma lenye mlango wa kioo, akataka kutufundisha namna ya kuliwasha. Sisi tukamwambia asijisumbue, kwa kuwa tumezaliwa na kulelewa mbele ya mafiga matatu, na habari za kuni hatufundishwi na mtu. Akatutazama, akaenda zake. Tukapanga kuni vizuri, tukawasha, tukafunga mlango. Moto ukaona haya, ukazimika. Tukawasha tena. Mara moshi ukatoka kila upande, tukawa hatuonani, na darini kengele ya moshi ikaanza kulia kwa sauti ya kupasua masikio. Mwenzetu akasimama juu ya kiti akiipigia upepo kwa daftari lake la hesabu. Bibi akarudi polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja nyuma ya ukuta, akavuta kilango kidogo cha hewa kilicho chini ya jiko, na kingine kwenye dohani, na kwa dakika mbili moto ukawaka kama umeamriwa. Hakusema neno. Alituwekea sufuria ya supu ya kondoo na vitunguu virefu, akaondoka.

Katika majira yale giza huingia mapema, na baada ya Jumapili ya tarehe 29, walipogeuza saa zao kama wafanyavyo kila mwaka, jua lilikuwa limekwisha kuchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu wa Afrika akiona hivyo moyo wake huzama. Lakini hapo ndipo tulipofahamu maana ya nyumba ile. Mvua ikipiga sleti, upepo ukishuka kutoka Cader Idris, na wewe umeketi miguu yako ukiielekeza jikoni, na chai mkononi, na vile vikate vya duara vyenye zabibu, vinavyookwa juu ya bamba la chuma kama chapati nene, wapata raha ambayo nchi ya jua haiijui. Nasi tulikumbuka Lushoto mwezi wa Julai, ukungu unapofunika migomba, na mama zetu wakituita tuingie ndani. Tulikuwa mbali na kwetu kuliko wakati wowote wa maisha yetu, na hatukujiona wageni.

Bibi alikuwa na mbwa wa kuchunga kondoo. Mbwa yule alifanya kazi kwa ajabu: neno moja alikwenda kushoto, neno la pili kulia, neno la tatu alilala majanini asionekane. Mwenzetu alipenda kumjaribu, akamwamuru kwa Kiingereza safi, kama anavyowaamuru wanafunzi. Mbwa akamtazama kwa huruma, akageuza uso. Bibi akasema, "Msamehe, hajui Kiingereza. Hakupelekwa shule." Kwa maana Bibi huzungumza na mbwa wake kwa Kiwelisi, na na jirani zake, na na kondoo wake, na nadhani hata na jiko lake. Kiingereza chake ni kizuri, lakini alikivaa kama mtu avaavyo nguo ya kuendea mjini.

Lugha hiyo imeandikwa kila mahali. Mabao ya njiani yana lugha mbili, na mara nyingi Kiwelisi ndicho kilicho juu. Barabarani, kwenye kona, wamepaka neno ARAF kwa rangi nyeupe, yaani polepole. Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wasemao lugha hiyo ni 538,000 tu, chini ya watu 18 katika kila 100. Serikali yao imekusudia wafike milioni moja ifikapo mwaka 2050. Tulimwuliza Bibi kama itawezekana. Akajibu, "Njoni kanisani Jumapili, mhesabu wenyewe."

Tukaenda. Kanisa lilikuwa na viti vya watu mia mbili na hamsini, na waliokuja walikuwa kumi na mmoja, pamoja na sisi wawili. Lakini walipoanza kuimba tulishtuka, maana wale wazee tisa waliimba kwa sauti nne kamili, wala hapana aliyepotea. Tukafungua kitabu tulichopewa. Maneno hatukuyajua hata moja, lakini juu yake tuliona herufi za do-re-mi, zile zile tulizofundishwa na mwalimu wetu wa kwaya tungali watoto. Tukaingia, mwenzetu kwa sauti ya nne na sisi kwa ya tatu, tukaimba Kiwelisi kwa kukisia. Wimbo wa mwisho ulikuwa kwa sauti iitwayo Cwm Rhondda, ambayo John Hughes aliitunga mwaka 1907, na huo tuliujua tangu zamani. Wazee wakageuka wakatutazama. Baada ya ibada mmoja wao alitushika mikono yote miwili, asiweze kusema, akabaki kutikisa kichwa tu.

Jambo moja halikutupendeza, na ni haki tuliseme. Usiku tulipotazama bondeni tuliona nyumba nyingi na taa chache. Tukamwuliza Bibi, akatuambia kwamba nyingi ni za watu wa miji ya mbali, wajao siku chache kila mwaka, na bei ya nyumba imepanda hata vijana waliozaliwa pale hawawezi kununua. Halmashauri ya Gwynedd, yenye kutawala wilaya ile, ilipandisha nyongeza ya kodi ya nyumba za namna hiyo hata asilimia 150 mwaka 2023. Zamani ilikuwa vibaya zaidi: tangu mwaka 1979 hata mwanzo wa miaka ya 1990 watu wa siri walikuwa wakizichoma nyumba za mapumziko usiku. Tukauliza, "Na hii yetu je?" Akasema ilikuwa ya baba mkwe wake, na aliamua kuipangisha kwa wageni ili asilazimike kuiuza, maana angeiuza ingezimwa taa kama zile nyingine. Usiku ule tuliiacha taa ya dirishani ikawaka hata tulipokwenda kulala, ingawa umeme wa huko ni ghali. Labda ulikuwa ujinga.

Siku ya Jumatatu Bibi akasema, "Nyinyi ni watu wa kanisa, lazima niwapeleke kwa Mary Jones." Wasomaji wengi wamesikia habari zake katika shule ya Jumapili. Kutoka nyumba yetu hata Llanfihangel-y-Pennant ni mwendo mfupi tu, na pale ukingoni mwa kijito pana magofu ya nyumba aliyokaa, na nguzo ya ukumbusho katikati yake. Biblia nzima ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiwelisi tangu mwaka 1588, kwa kazi ya Askofu William Morgan, lakini kwa maskini ilikuwa vigumu kuipata. Msichana huyu, binti wa mfuma nguo, aliweka akiba ya senti zake miaka sita. Mwaka 1800, alipokuwa na umri wa miaka 15, alikwenda kwa miguu, bila viatu, yapata maili 25, hata mji wa Bala, kununua Biblia kwa mchungaji Thomas Charles. Habari zake zilikuwa katika mambo yaliyochochea kuanzishwa kwa Chama cha Biblia huko London mwaka 1804, na chama hicho ndicho kilichokuja kupiga chapa Maandiko kwa Kiswahili. Tulisimama katika magofu yale, nafasi ya ndani haitoshi hata darasa la watoto kumi. Mwenzetu akapima kwa hatua zake. Hesabu haimwachi.

Tukafuata njia ya Bala, sisi kwa gari, na tulikuwa na viatu. Kabla ya kufika kwenye ziwa kubwa la Tegid, Bibi akasimamisha gari katika kijiji cha Llanuwchllyn. Hapo kando ya barabara zimesimama sanamu mbili, baba na mwana. Baba ni Owen M. Edwards, aliyezaliwa kijijini pale mwaka 1858. Bibi akasema, "Huyu nilitaka mmwone, kwa kuwa ninyi ni walimu."

Akatueleza hivi. Zamani, katika shule nyingi za Welisi, mtoto akisikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha ubao kilichofungwa kamba, na mara nyingi kimeandikwa herufi W.N., maana yake Kiwelisi marufuku. Akimsikia mwenzake naye akisema lugha hiyo, humvika yeye. Kibao huhama shingo hata shingo, na yule atakayekutwa nacho jioni ndiye apigwaye fimbo. Mtoto Owen alivikwa mara nyingi. Naye alipokuwa mtu mzima aliandika katika kitabu chake kwamba hakupata hata siku moja kujaribu kukiondoa shingoni mwake kwa kumvika mwingine. Mwaka 1907 mtoto huyo huyo alifanywa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi, akajitahidi Kiwelisi kifundishwe humo. Na mwanawe, huyo wa sanamu ya pili, alifungua huko Aberystwyth mwaka 1939 shule ya kwanza ya watoto kufundishwa kwa Kiwelisi.

Bibi akaendelea, "Msidhani ilikuwa sheria ya Waingereza. Kweli, mwaka 1847 maofisa watatu wasiojua Kiwelisi waliandika ripoti kwa serikali, wakasema lugha yetu ndiyo itufanyayo tubaki nyuma. Lakini waliovika watoto kibao walikuwa walimu wetu wenyewe, na baba zetu waliwapa ruhusa. Walitaka watoto wapate kazi."

Mwenzetu alitazama viatu vyake. Sisi tulitazama ziwa.

Wasomaji watatuuliza sababu. Katika shule yetu kipo kibao. Kama mjuavyo, kwetu mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akiingia sekondari masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, huwa kwa Kiingereza, na mtihani kadhalika. Basi ili wanafunzi wazoee upesi, asikiwaye akisema Kiswahili, au Kisambaa, huvikwa kibao, naye humtafuta wa kumvika, na jioni wa mwisho huadhibiwa. Hatukukikuta pale. Tulikichonga sisi wenyewe tuandikao, katika mwaka wetu wa pili wa kazi, kwa ubao mzuri wa mkulo, tukakipiga msasa, tukatoboa tundu, tukatia kamba. Mkaguzi mmoja alipokiona alitusifu, na sifa ile tuliihifadhi moyoni muda mrefu.

Mwaka 2021 aliingia Kidato cha Kwanza kijana mmoja kutoka kijiji cha juu kabisa, ambako Kiswahili chenyewe ni lugha ya sokoni. Juma la kwanza alivikwa kibao, akakaa nacho siku tisa za shule mfululizo. Tulidhani ni mzito wa akili. Kumbe kukiondoa kulikuwa rahisi, kwa maana wenzake walinong'ona Kiswahili kila mahali, bwenini na bombani. Ilimpasa tu kuwategea sikio na kuwashitaki. Hakufanya hivyo. Siku ya kumi tuliona amekwisha kupata dawa yake: alinyamaza. Hakusema Kisambaa, wala Kiswahili, wala Kiingereza. Mwisho wa muhula tuliandika katika ripoti yake, kwa mkono wetu na kwa wino mweusi, "Amebadilika. Sasa ni mtulivu na mwenye adabu." Baba yake alikuja kutushukuru, akatuletea viazi.

Bala tuliiona, na ziwa lake lenye urefu wa maili nne, na mahali wanapoonyesha habari za Mary Jones kwa picha na vitu. Bibi alitaja pia kijiji cha Capel Celyn, kilichofunikwa na maji mwaka 1965 ili mji wa Liverpool upate maji ya kunywa. Lakini mengi aliyosema mchana ule hatukuyasikia vizuri.

Usiku tukawasha moto, safari hii bila moshi, tukamwambia mwenzetu habari za yule kijana. Alikuwa hazijui, kwa kuwa alihamia shuleni mwaka uliofuata. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Tuwe wakweli. Mtihani ni kwa Kiingereza. Mtoto asipokijua atarudi kulima kabichi, na wewe utakuwa umemhurumia hata umaskini. Wangapi wamefaulu tangu kibao kiwepo?" Tukasema ni wengi. "Basi je!" Tukamjibu kwamba watoto wa shule tulizozitazama kusini husoma kwa lugha mbili, na hapana aliyeharibika. Akasema, "Wao wana vitabu kwa lugha zote mbili, na darasa lao lina watoto ishirini na wanane. Lako lina wangapi?" Lina sabini na sita. Tukabishana hata kuni zikaisha, na kila mmoja alikuwa na haki katika maneno yake. Tulipopanda ngazi mwenzetu akasimama katikati, akasema bila kugeuka, "Lakini siku tisa ni nyingi." Kisha akajigonga mhimili.

Asubuhi ya kuondoka Bibi alituletea daftari la wageni. Tuliandika shukrani zetu kwa Kiingereza, kurasa nusu, na mwandiko wa kupendeza. Akasoma, akatushukuru. Kisha akasema, "Haya ni yangu, kwamba nielewe. Sasa niandikieni na yenu." Tukaandika chini yake kwa Kiswahili. Akatuomba tumsomee kwa sauti, akasikiliza amefumba macho. Halafu akauliza, "Hii ndiyo uliyonyonya nayo?" Tukamwambia la, hiyo ni nyingine. Akatusogezea kalamu tena.

Bwana Mtengenezaji, hapo tuliona aibu kubwa kuliko ile ya moshi. Tuna cheti cha ualimu, na tumesahihisha insha za watoto miaka kumi na miwili. Lakini kalamu ilisimama juu ya karatasi, kwa kuwa hatukupata kufundishwa kuandika Kisambaa, wala hatukujifundisha. Tuliandika mstari mmoja, wa namna ambayo bibi yetu mzaa mama alikuwa akiaga wageni wake mlangoni. Hatujui kama herufi zake ni sawa.

Tuliporudi shuleni mwezi wa Novemba tulikitoa kibao katika kabati la walimu, tukakitia katika mtoto wa meza yetu, tukafunga kwa ufunguo. Katika mkutano wa walimu tulieleza habari za Llanuwchllyn. Wengine walisikiliza vizuri, wengine walicheka, wakasema Ulaya imetuharibu. Mwenzetu alisimama upande wetu, jambo ambalo hatukulitazamia, lakini alisema kibao kikiondoka lazima pawepo kitu mahali pake, wala hakuna aliyejua ni kitu gani. Mkuu wa shule aliamuru kwamba jambo litazamwe mwaka ujao.

Yule kijana alikuwa Kidato cha Tatu wakati ule. Siku moja asubuhi tulimkuta peke yake bombani, akijaza ndoo. Tukamwamkia kwa Kisambaa, kama mtu wa kwao angemwamkia. Akainuka upesi, akatazama nyuma yetu kama yuko mtu. Tukaamkia mara ya pili, polepole. Akaiweka ndoo chini, akasimama wima, akatujibu kwa Kiingereza, maneno mazima, bila kosa hata moja.